Umuulize Nani Kuhusu Masomo ya Chuo Kikuu: Mshauri wa Idara, Aliyekutangulia, au Mtu wa Fani Aliye Nyumbani?

Likizo ndefu ya vyuo vikuu inapoingia, baraza la nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, hugeuka afisi isiyo na mlango. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na vijana niliowafundisha hunijia baada ya swala ya Alasiri, mmoja mmoja, wakiwa na maswali ya chuo ambayo wazazi wao hawawezi kuyajibu na pengine hawajaambiwa kuwa yapo. Likizo iliyopita alikuja mmoja wa mwaka wa pili anayesomea ualimu wa hisabati na fizikia. Baada ya "shikamoo, mwalimu" na "marahaba, mwanangu", alinikabidhi simu bila ya kusema neno. Kwenye potali ya chuo chake, yaani tovuti ya usajili na alama, masomo ya muhula yalikuwa yamepangwa safu, kila moja na alama zake, isipokuwa somo la takwimu, ambalo mbele yake palikuwa na kistari kitupu.

Alikuwa ameshawauliza watu watatu. Mwenzake wa mwaka wa nne alimwambia asijisumbue, akae mtihani upya pamoja na darasa litakalofuata. Ami yake, ambaye ni mhasibu hapa mjini, alimwambia kwamba ikiwa takwimu imemshinda, ni heri ahamie kozi nyingine mapema. Mhadhiri aliyepangiwa kuwa mshauri wake wa masomo alimjibu barua pepe kwa sentensi moja: aje afisini chuo kikifunguliwa. Hakuna aliyemdanganya kati ya hao watatu. Kila mmoja alijibu kutokea pale alipoketi, na kijana alibaki na majibu matatu yasiyokaa pamoja, huku akidhani kwamba kazi yake ni kuchagua yupi mwenye akili zaidi.

Mimi naona kazi yake ilikuwa nyingine: kujua swali lake ni la aina gani kabla ya kuangalia ni la kumpelekea nani. Makala haya yanawalinganisha washauri hao watatu kwa vigezo vilevile, kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Lamu, Malindi na kwingineko pwani ambaye hajui aanzie wapi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni ujuzi na umri wake. Haitoshi mtu kuwa anajua. Ni lazima uulize alikijua lini anachokwambia, kwa sababu mitaala hurekebishwa, ada hubadilika, na sheria za usajili wa fani hubadilika pia.

Cha pili, ambacho wanafunzi wengi hukisahau na mimi nakipa uzito kuliko vingine, ni nguvu ya neno la mshauri. Kuna ushauri unaoishia masikioni na kuna ushauri unaoacha alama kwenye faili lako. Ukiambiwa kwamba unaweza kuliacha somo fulani hadi mwaka ujao, swali la kufuata ni hili: ikitokea kwamba haikuwa hivyo, nani atasimama mbele ya bodi ya mitihani na kusema kuwa ndiye aliyekuruhusu?

Cha tatu ni kupatikana, na hapa lazima tuseme ukweli wa jiografia. Mwanafunzi wa Malindi anayesoma Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, yuko kiasi cha kilomita 60 kutoka kwao. Akisahau stakabadhi anaweza kupanda matatu asubuhi na kurudi mchana. Wa Lamu huvuka kwanza kwa boti hadi Mokowe, kisha hupanda basi kupitia Witu na Garsen, na hata Mombasa yenyewe ni zaidi ya kilomita 300. Aliye Maseno au Eldoret, magharibi mwa nchi, hahitaji kuelezwa.

Cha nne ni mvuto. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mshauri naye ana upande anaouvutia, hata pale ambapo nia yake ni njema kabisa. Cha tano ni siri: unaweza kumwambia mtu huyu kwamba umeanguka masomo manne bila ya habari hiyo kufika mahali usipotaka?

Kabla hatujaendelea, niseme jambo moja kuhusu kwa nini washauri rasmi hawatumiwi sana katika vyuo vyetu. Huko Marekani, ambako mwanafunzi hujipangia masomo mengi mwenyewe, mara nyingi hawezi kupiga hatua bila ya mshauri, na fani yenyewe ya ushauri imefikiriwa kwa miaka mingi. Mwaka 1972 Burns Crookston alitofautisha mshauri anayetoa maagizo kama daktari anayeandika dawa na mshauri anayemfundisha mwanafunzi kufikia uamuzi wake mwenyewe. Kwetu Kenya darasa zima huenda pamoja, masomo mengi ni ya lazima, na mwanafunzi mwenye bahati anaweza kuhitimu bila ya kuubisha mlango wa mshauri wake hata mara moja. Ndiyo maana humkumbuka siku mambo yanapoharibika, wakati ambapo mshauri mwenyewe hamjui hata kwa sura.

Mshauri wa idara

*Ujuzi wake.* Huyu ni mhadhiri aliyekabidhiwa kundi la wanafunzi na idara, na anachokijua vizuri kuliko wengine ni kanuni za chuo na muundo wa kozi: masomo yapi ni ya lazima na yapi ni ya hiari, lipi ni sharti ulifaulu kabla ya kulichukua jingine, na nini hutokea ukikosa mtihani. Tofauti ndogo za istilahi, ambazo mwanafunzi huziona kama urasimu, kwake zina maana kubwa. Mtihani maalumu hupewa mtu aliyekosa mtihani kwa sababu inayokubalika, kama vile ugonjwa wenye vyeti, na alama zake huandikwa kama alivyozipata. Mtihani wa kurudia hupewa aliyeanguka, na katika vyuo vyetu vingi hata ukiufanya vizuri namna gani alama inayoandikwa haivuki 40, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeugua, akaona haya kufuatilia vyeti na kusema "nitarudia tu", amejifungia mwenyewe dari ya 40.

*Nguvu ya neno lake.* Hapa hana mpinzani. Ama anatia saini yeye mwenyewe, ama anajua saini inayotakiwa ni ya nani: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo au msajili wa masomo. Kuandikisha masomo, kuacha somo, kuahirisha mwaka, kuomba karatasi isahihishwe upya, kutafuta alama zilizopotea, yote hayo hupitia mikononi mwa idara.

Nikae kidogo kwenye alama zilizopotea, kwa sababu ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi hapa barazani. Chukua somo la kawaida, ambalo mtihani wa mwisho huhesabiwa kwa 70 na majaribio ya katikati ya muhula kwa 30. Mwanafunzi amepata 52 katika mtihani na 22 katika majaribio, jumla 74. Ikiwa alama za majaribio hazikuingizwa, inayobaki ni 52. Potali haitaonyesha kistari wala alama ya kuuliza. Itaonyesha 52, tarakimu safi inayofanana na ukweli. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya daraja la kwanza huanzia 70, daraja la pili la juu 60, na la pili la chini 50, kwa hiyo mtu huyo ameshuka kutoka ngazi ya juu kabisa hadi ya tatu bila ya kuanguka chochote. Kistari alichonionyesha yule kijana ni bora kuliko hivyo, maana angalau kistari kinapiga kelele. Mwenye uwezo wa kulifuatilia jambo hilo ndani ya chuo ni idara, na mlango wa karibu zaidi wa idara ni mshauri wako.

*Kupatikana.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Mhadhiri mmoja huwa na wanafunzi wengi, hufundisha hadi jioni, na saa za kuonana naye zilizobandikwa mlangoni huenda zikawa mbili kwa wiki. Kwa mwanafunzi aliye Lamu wakati wa likizo, njia iliyobaki ni barua pepe, na barua pepe nyingi za wanafunzi ninazoonyeshwa ni za mstari mmoja: "Dokta, maksi zangu hazionekani." Mtu mwenye wanafunzi mia hawezi kulifanyia lolote swali hilo. Barua inayojibiwa hutaja jina kamili, nambari ya usajili, msimbo na jina la somo, mwaka na muhula, tarehe na ukumbi wa mtihani, kisha huambatisha picha ya kadi ya mtihani na hueleza kwa sentensi moja kinachoombwa. Ukimpa mhadhiri barua ya namna hiyo, anachobakisha ni kuipeleka mbele.

*Mvuto wake.* Yeye ni mtu wa idara, na aghalabu huona njia inayobaki ndani ya idara kuwa ndiyo njia. Ukimwambia unataka kuhamia fani nyingine kabisa, usitarajie akupigie ngoma. Isitoshe, baadhi yao wameishi chuoni maisha yao yote ya kazi na hawajui soko la ajira lilivyo leo zaidi ya unavyolijua wewe.

*Siri.* Kwa kawaida hulindwa, ila usisahau kwamba mshauri huyo anaweza kuwa ndiye mtahini wako muhula ujao. Mambo ya nyumbani yanayokulemea, kama vile msiba au ndoa inayovunjika, mpe kiasi kinachohitajika ili aelewe kwa nini masomo yameyumba. Yaliyobaki yapeleke kwa mnasihi, yaani mshauri wa mambo ya binafsi, katika afisi ya mkuu wa wanafunzi, ambaye kazi yake ni hiyo.

Anamfaa zaidi mwanafunzi mwenye jambo linalohitaji karatasi: alama, usajili, kuahirisha, kukosa mtihani.

Mwanafunzi aliyekutangulia

*Ujuzi wake.* Aliyetangulia anajua yale ambayo hayakuandikwa popote. Anajua mhadhiri yupi hutoa jaribio bila ya kutangaza, karani yupi huweka mafaili ya mwaka wa pili, siku ipi potali hulemewa kiasi kwamba ukisubiri hadi saa za mwisho hutajiandikisha, na somo lipi la hiari ni zito ingawa jina lake ni tamu. Ana karatasi za mitihani iliyopita na noti za darasa lake. Zaidi ya hayo, kwa kijana anayetoka Shela au Matondoni kwa mara ya kwanza, anajua jambo ambalo hakuna mhadhiri atakayemwambia, kwamba wiki za mwanzo kila mtu huhisi amekosea kozi na kwamba hisia hiyo kwa wengi hupita.

Lakini ujuzi huo huchacha upesi. Mfano ulio wazi ni ufadhili. Waliojiunga na vyuo vikuu mwaka 2022 waliingia chini ya utaratibu wa zamani wa kugharimia masomo. Waliojiunga kuanzia 2023 waliingia chini ya utaratibu mpya unaomtaka mwanafunzi aombe mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, pamoja na ufadhili wa Hazina ya Vyuo Vikuu, kwa kupimwa uwezo wa familia yake. Tofauti yao ni mwaka mmoja tu, walilala bweni moja, lakini ushauri wa mkubwa kuhusu karo haukuwa na maana kwa mdogo.

Nami nina yangu. Nilipokuwa mwaka wa pili, mkubwa wangu mmoja niliyemheshimu sana aliniambia niliache somo fulani la hiari hadi mwaka wa nne, muhula wa pili, kwa sababu yeye ndivyo alivyofanya na ndivyo wenzake wote walivyofanya. Hakusema uongo. Baina ya mwaka wake na wangu mtaala ulikuwa umerekebishwa, na somo lile likahamishiwa muhula wa kwanza. Niligundua nilipofika kujiandikisha na karani akanigeuzia orodha niisome mwenyewe, akiifuata mistari kwa kalamu isiyo na kifuniko. Nilibaki chuoni muhula mmoja zaidi kwa somo moja. Wenzangu walipovaa majoho mimi nilikuwa upande wa wapiga picha, nimewashikia mikoba.

*Nguvu ya neno lake.* Hana saini, na yeye mwenyewe hajidai kuwa nayo. Hata mwakilishi wa darasa, anayeheshimika na anayejua njia za afisini, hawezi kukuruhusu lolote. Anaweza kukusindikiza tu.

*Kupatikana.* Hapa anawashinda wote. Yuko kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, yuko kwenye kiti cha pembeni ndani ya basi la kurudi nyumbani, na akiwa wa mtaa mmoja nawe huhitaji hata kumpigia simu. Nimeona vijana wawili wakimaliza mpango wa muhula mzima baina ya Mokowe na gati la Lamu, boti ikirusha maji na daftari likiwa limefichwa ndani ya shati.

*Mvuto wake.* Kwa kawaida hana anachokivutia kwake, isipokuwa nafsi yake: aliyeanguka somo atakwambia kwamba halifauliki, na aliyelifaulu bila ya kusoma atakwambia ni la mchezo. Dawa yake ni kuwauliza watatu, si mmoja, na mmoja wao awe darasa linalokutangulia kwa mwaka mmoja tu.

*Siri.* Usimtegemee kwa hilo. Mji wetu ni mdogo, na habari hufika gatini kabla ya boti. Mzazi ambaye hajaambiwa kwamba mwanawe anarudia mwaka ataambiwa na jirani sokoni.

Anamfaa mgeni wa mwaka wa kwanza, anayechagua masomo ya hiari, na yeyote anayetaka kujua namna ya kuishi na kozi baada ya kuambiwa kwamba anaruhusiwa kuichukua.

Mtu wa fani aliye nyumbani

*Ujuzi wake.* Muuguzi wa hospitali ya kaunti, mwalimu, mhandisi wa barabara, mhasibu, afisa wa uhifadhi wa majumba ya kale: hawa wamefika mwisho wa njia ambayo wewe unaianza. Wanajua kwamba shahada peke yake si ruhusa ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi Tume ya Huduma za Walimu, TSC, imemtaka mwalimu wa sekondari awe na wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na angalau C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayoyafundisha. Chuo kinaweza kukuruhusu usomee historia na jiografia kwa sababu una nafasi darasani; mwalimu wa mtaani kwenu ndiye atakayekuuliza, "Jiografia ulipata ngapi?" Ukimjibu kuwa ulipata C kavu, atakutazama kwa huruma na kukwambia ubadilishe mseto wako wa masomo kabla hujamaliza mwaka wa kwanza. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa uuguzi anatakiwa aandikishwe na Baraza la Wauguzi akiwa bado masomoni, na anayetaka kuwa mhandisi anapaswa kujua mapema kama kozi yake imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi. Hayo ni maswali ya mwaka wa kwanza, ingawa majibu yake huuma baada ya mwaka wa nne au wa tano.

Udhaifu wake ni kwamba anayakumbuka masomo ya zama zake. Aliyehitimu miaka 20 iliyopita hajawahi kujiandikisha kwenye potali, na taratibu nyingi za kuingilia vyuo zitageuka tena, kwa kuwa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Mfuate kwa habari za kazi. Habari za usajili mwache azisikie kutoka kwako.

*Nguvu ya neno lake.* Ndani ya chuo neno lake halina uzito. Nje ya chuo lina uzito mkubwa, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukutafutia nafasi ya mafunzo ya kazini, akakushikia mlango wa afisi ambayo barua yako peke yake isingeufungua.

*Kupatikana.* Wakati wa likizo ni rahisi. Mkute barazani, mpe salamu zake kamili, na usianze na shida kabla kahawa haijamiminwa. Muhula ukianza humpati isipokuwa kwa simu.

*Mvuto wake.* Hapa ngozi huvutwa kwa nguvu kuliko kwingineko. Jamaa humtakia kijana kozi yenye jina, na jina hilo mara nyingi ni lile lililokuwa na heshima wakati wao. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lianze kazi mwezi Mei 2021, nimewasikia wazazi wengi wakiwasukuma watoto wao kwenye kozi yoyote yenye neno "bandari" au "usafirishaji" ndani yake, bila ya yeyote kumuuliza mtu wa bandarini ni vyeti vipi wanavyovitaka. Kuna pia mvuto wa upande wa pili: mtu aliyechoshwa na kazi yake atakukataza kuifuata, na atasema kweli, ila atakuwa anasema kuhusu yeye.

*Siri.* Si suala la kuvuja; ni suala la heshima. Kumwambia ami, aliyekulipia karo ya muhula wa kwanza, kwamba umeanguka masomo manne ni jambo zito, na vijana wengi huchagua kumweleza nusu ya habari. Nusu ya habari huzaa nusu ya ushauri. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana wangu: alimwambia ami yake kwamba "takwimu ina matatizo", na ami akaelewa kwamba ameanguka.

Anamfaa anayechagua kozi au mseto wa masomo, anayetafuta mafunzo ya kazini, na anayejiuliza kama kazi iliyo mwishoni mwa shahada hii ni kazi anayoiweza kwa miaka 30.

Na intaneti je?

Tovuti ya chuo na kitabu cha kanuni ni vya kusomwa kabla ya kumwendea mtu yeyote; ukimfikia mshauri ukiwa umeshasoma ukurasa unaohusika, mazungumzo ya nusu saa huwa ya dakika tano. Programu za simu zinazojibu maswali zitakueleza vyuo kwa ujumla, lakini hazijui kwamba idara yako ilihamisha somo muhula uliopita, na hazitasema kuwa hazijui.

Kwa hali yako

Ikiwa ndiyo kwanza umefika chuoni na unahisi hii siyo kozi yako, usipoteze mwezi mzima ukiwauliza wenzako. Uhamisho wa walioteuliwa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hupitia kwenye potali yake, dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu, na ni lazima uwe ulitimiza masharti ya masomo na alama za kuingilia kozi unayoitaka kwa mwaka wako. Zungumza na mtu wa fani unayoitaka wiki hiyohiyo, kisha mwendee mshauri wa idara akuonyeshe utaratibu. Hapa mwanafunzi aliyetangulia ana faida moja tu, ya kukwambia kama hisia hiyo yeye ilimpita baada ya wiki ngapi.

Ikiwa unachagua masomo ya hiari, anza na waliotangulia, wawili au watatu, kwa ajili ya ladha ya somo. Kisha lipeleke chaguo lako kwa mshauri pamoja na swali moja tu: somo hili litafundishwa muhula upi kwa darasa langu? Jibu lake liandikwe. Barua pepe ya mstari mmoja inatosha, na ningekuwa nayo mimi nisingewashikia watu mikoba.

Ikiwa umeanguka masomo kadhaa, mshauri wa idara ni wa lazima, kwa kuwa kuna kiwango ambacho ukikivuka unarudia mwaka, na kingine ambacho chuo hukuondoa. Mpelekee pia mnasihi sehemu ya habari ambayo si ya masomo. Mkubwa wako atakusaidia kwa karatasi za mitihani iliyopita. Jamaa mweleze habari kamili au usimweleze kwanza.

Ikiwa karo imekosekana na unafikiria kurudi nyumbani hadi mwaka ujao, usipande basi kabla ya kuahirisha masomo kwa maandishi. Wanafunzi wa kwetu hukosea hapa kwa sababu ya umbali: pesa zikiisha, mtu hufunga mkoba na kuondoka, akidhani kwamba kila mtu ataelewa. Kwenye daftari la chuo asiyeonekana ni mtoro, na kuyarekebisha hayo ukiwa Faza au Kiunga ni kazi. Uliza pia, siku hiyohiyo, kuahirisha kutaugusaje mkopo wako wa HELB. Wa Malindi aliye Kilifi anaweza kurudi chuoni kesho yake kutia saini aliyoisahau. Wa visiwani afanye kana kwamba hatarudi.

Ikiwa umebakisha mwaka mmoja na masomo yako hayana kasoro, mshauri wa idara muone mara moja tu, mkague pamoja orodha ya masomo uliyofaulu dhidi ya yanayotakiwa ili uhitimu. Muda uliobaki utumie na mtu wa fani.

Na ikiwa, kama yule kijana wa takwimu, mtihani uliufanya na alama hazipo, basi usikae mtihani tena wala usihame kozi. Tuliiandika barua palepale barazani kabla ya Magharibi, kwa mpangilio nilioueleza hapo juu, na nakala akampelekea mkuu wa idara. Mkubwa wake wa mwaka wa nne, yuleyule aliyemwambia asijisumbue, ndiye aliyemtajia jina la karani anayetunza orodha za mahudhurio ya mitihani. Ami yake alipoelezwa habari kamili alicheka, akatoa nauli. Chuo kilipofunguliwa kijana alivuka kwenda Mokowe na boti ya alfajiri, kadi ya mtihani ikiwa ndani ya faili la plastiki lenye zipu, kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa bado unarusha maji.